Mafundo kwenye Sanda ya Mama

Mimi kalamu siijui sana, wajukuu zangu, lakini sindano! Sindano niulizeni mimi. Alinifundisha sista Mjerumani, huku huku milimani. Siku moja akanipa shuka la meza jeupe, limeungua pasi pembeni, akasema, "Lako. Usichore kwanza. Fuata mkono."

Lo, nilivyofurahi! Nikadarizi mshono wa mnyororo, ukawa majani ya mgomba. Nikajaza maua. Halafu vifundo: uzi unauzungusha kwenye sindano mara mbili, unachoma, hizo buni za kahawa. Nikaviweka vingi kama upele.

Ndipo vita vikaja. Baba akachukuliwa kubebea Wajerumani mizigo, hatukumwona tena. Mjini merikani, kitambaa cha sanda, hakuna, watu wanazikwa na magome ya mti. Mama akashikwa na homa, alfajiri akakata roho.

Nikasema, mama yangu haendi na magome. Nikatoa shuka langu. Mama mkubwa, dada yake marehemu, akalikunjua.

"Zuri, mwanangu. Lakini sanda haishonwi. Na maiti haendi na fundo."

"Mama mkubwa, hizo buni."

"Buni nini! Fundo ni fundo. Unataka mdogo wangu afike kule na kinyongo? Fumua."

Tukakaa kufumua. Mnyororo mtamu, jamani! Unakata mwisho, unavuta, unakuja wote, prrr! Nikacheka, Mungu anisamehe, na mama kalala chumba cha pili. Maua yakatutesa. Vifundo ndiyo kabisa, havitoki. Tukaviuma kwa meno, yeye upande huu, mimi ule, tunatema nyuzi. Shuka likawa matundu matundu.

Wanaume wakaita toka nje, "Kaburi tayari, jua linakwenda!"

Vimebaki vitatu. Nikaanza kulia.

"Lete," akasema mama mkubwa. "Hivi vyangu, si vyako. Mwaka wa njaa nilimficha mama yako chumvi. Akajua. Hakunisema hata siku moja, akanyamaza tu na mimi nikanyamaza."

Akainama, akauma peke yake. Cha kwanza kikatoka. Cha pili kikatoka. Cha tatu kikatoka na jino lake, lilikuwa linacheza siku nyingi. Akalitema kwenye majivu, akafuta mdomo na mkono.

"Haya," akasema, "waite waoshaji."