Mtani Alipokalia Ngazi

Fakihi hajui kukataa. Ukimwendea kuazima sururu, anakupa na mpini wa akiba. Ndiyo maana aliposema anahamia Masasi, nusu ya vifaa vyake vilikuwa kwenye nyumba za watu.

Visima vingi vya kijiji chetu cha Mkunya amejenga yeye. Huku juu hatuna mto. Mvua inapiga bati, maji yanashuka kwenye kisima cha chini ya ardhi, na hayo ndiyo ya kiangazi chote. Kisima kikipata ufa, ni kurudi kubeba ndoo kichwani kutoka mbali. Basi Fakihi anaitwa. Anashusha ngazi na kamba, anatoa tope kwa ndoo ya chuma, anaziba ufa kwa mwiko, kisha anashusha timazi, kile kipande cha risasi kwenye uzi, aone kama ukuta umenyooka. Changu pia alijenga yeye. Hatukuzungumza sana siku zile, maana sote wawili si watu wa maneno.

Mwaka jana macho ya mkewe, Siti, yakaanza kumsumbua, na kliniki iko Masasi. Binti yao Shamila akawapa vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Maji ni ya bomba.

Habari ilipoenea, watu wakaanza kurudisha walivyoazima, kwa heshima kabisa. Sururu, nyundo, toroli, hata koleo ambalo Fakihi alikwisha kulisahau. Uwanja ukajaa.

"Baba Shamila," Siti akamwuliza, "tunahama au tunafungua duka?"

"Wanarudisha tu."

"Na huko tutalala juu ya toroli?"

Kila aliyerudisha aligeuka kabla ya kuondoka: kama hutakihitaji, mimi nipo. Majembe na sururu Fakihi aliwaachia waliokwisha kuvizoea. Ugumu ulikuwa kwenye vifaa vya kisima. Dauda, jirani yake, alitaka kamba ya kufungia mbuzi. Mwalimu Humphrey, mtu wa Moshi, alitaka ngazi ya kupandia darini. Mama Faidha alitaka ndoo ya kuwekea pumba. Wote aliwajibu, "Haya."

Siku moja kabla ya kuhama nilimkuta amefunga ngazi, ndoo na mwiko kwa ile kamba. Akafungua. Akafunga tena.

"Nilitaka viende vyote kwa Awadhi," akaniambia. Awadhi amefanya naye kazi miaka mingi, anajua kuziba ufa, lakini hana hata ngazi. "Vikitawanyika, hakuna atakayeingia kisimani. Ila Awadhi ni shemeji yangu, watasema nimependelea ukweni. Na wale nimeshawaambia haya."

"Waambie hapana."

Akanitazama. "Ungekuwa wewe ungewaambia?"

Nikaaga. Kutoka pale nilipita kwa Optatus, Mmakua wa Lupaso aliyeoa hapa kwetu. Wamakua ni watani wetu sisi Wamakonde, na yule ana mdomo wa watu kumi. Nilimweleza kidogo tu.

Asubuhi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ilikuwa imeshapakiwa kitanda na masanduku, na walioahidiwa wamesimama wakisubiri, Optatus alipoingia uwanjani.

"Nyie Wamakonde! Mmezika bila kuniita? Naona mali ya marehemu iko nje."

"Sijafa," Fakihi akasema.

"Maiti inajibu!" Akaikalia ngazi, akajizungushia kamba begani, akavaa ndoo kichwani. "Msibani mtani huchukua kwanza. Nimechukua."

Mwalimu Humphrey akasogea. "Samahani, mzee, ngazi hiyo niliahidiwa."

"Na nani?"

"Na mwenyewe."

"Mwenyewe kafa!"

Watu wakaangua kicheko. Dauda akamshika mwalimu mkono. "Mwalimu, acha. Mtani hashtakiwi." Kisha akamgeukia Optatus. "Na wewe utavifanyia nini? Unaogopa hata shimo la choo!"

"Nitavikalia. Mwenye kisima kibovu aje achukue vyote, arudishe vyote. Mwenye mbuzi akanunue kamba."

Fakihi naye alikuwa akicheka, mkono mmoja mfukoni mwa koti.

"Na hicho mfukoni?" Optatus akauliza.

Ilikuwa timazi. Fakihi aliitoa, kicheko kimemwisha.

"Lete," Optatus akasema. "Ukiitaka, uje Mkunya uiombe."

Akampa. Kirikuu ikaondoka.

Kabla ya mvua kuanza, kisima changu kilipata ufa. Awadhi akachukua vifaa vyote kwa Optatus, na siku hiyo Fakihi akapanda basi kutoka Masasi, eti aone tu. Alilala kifudifudi mdomoni mwa kisima, akaishusha timazi polepole.

"Ukuta umeinama," akasema.

"Shemeji," Awadhi akajibu kutoka chini, "mkono wako ndio unatikisika. Ukuta uko sawa."

Jioni Optatus akaja. "Vitu vyangu!"

Fakihi akampa timazi, ngazi, kamba na mwiko. Optatus akanyoosha mkono kuchukua ndoo.

"Hapana," Fakihi akasema. "Bado ina saruji. Subiri ioshwe."

Optatus akaketi, akasubiri.