Sataranji ya Siku Tatu

Nakumbuka siku moja, enzi zile simu za kupangusa zilipokuwa bado ngeni hapa Kagongwa, Mzee Masanja alinipigia simu akiwa amekasirika. Mzee huyu alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu, naye akifanya kazi ya kuchomelea vyuma kule mgodini Bulyanhulu, na ndiye aliyenifundisha sataranji nikiwa binti mdogo. Alipohamia huko moja kwa moja, tukawa tunacheza kwenye simu. Si ule mchezo wa dakika tano mnaoupenda ninyi. Wetu ulikuwa wa kujibizana kwa mbali: unasogeza kete yako, kisha mwenzako ana siku tatu za kufikiri na kujibu. Akizidisha hapo, simu inamhesabu ameshindwa.

"Minza," akaniambia, "hatua ile nimeikalia siku mbili. Nimeiwaza nikichomelea, nimeiwaza nikila. Wewe umejibu kabla sijaiweka simu mezani, tena umemwacha malkia wako hana mlinzi. Hapo umecheza na mimi, au umenifukuza kama nzi?"

Nikacheka. "Nisamehe, mzee. Michezo ni mingi."

"Mingapi?"

"Kama arobaini hivi."

"Mayo," akasema, maana kwetu Usukumani hata binti huitwa mama kwa heshima, "mchungaji mmoja akiwa na ng'ombe wengi kupita kiasi, jioni hajui ni yupi aliyebaki porini."

Mwanangu, maneno yale yalipita juu ya kichwa changu kama upepo juu ya paa. Nilikuwa kijana, nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na kati ya gunia na gunia nachomoa simu kuwajibu watu watano au sita: mmoja yuko Brazili, mwingine India, wengine sikujua hata waliko. Siku tatu zile ziliwekwa ili mtu apate nafasi ya kufikiri. Mimi nafasi ile nikaijaza watu. Mama Pendo, mwenye nyumba wangu, aliniita kula mpaka ugali ukapoa. "Hao wa kwenye simu ndio watakaokuzika?" aliniuliza. Nikamwona mshamba.

Basi masika yakaja, na Mama Pendo akapata msiba kwao Geita. Akaondoka alfajiri na watu wote wa nyumba ile, nikabaki peke yangu. Siku hiyohiyo kichwa kikaanza kuniuma. Nikameza vidonge vya maumivu, nikajifungia ndani nikisema nitalala kidogo tu. Ilikuwa malaria, mwanangu, na ilinipanda kichwani. Nakumbuka kiu. Nakumbuka kuiona ndoo ya maji pembeni ya mlango na kushindwa kuifikia. Simu ilizima chaji mkononi mwangu. Kazini nao walidhani nimekwenda msibani na Mama Pendo, kwa hiyo hakuna aliyeniulizia.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo ule humfikia aliyetega sikio. Mzee Masanja alikuwa na michezo miwili tu, wa kwangu na wa shemeji yake. Alisogeza farasi wake, akasubiri. Siku ikapita. Ya pili ikapita. Alijua kwamba mimi, kwa pupa yangu, sijawahi kukaa na hatua hata nusu siku. Akapiga simu, haipatikani. Angeweza kutulia tu, siku ya tatu iishe apate ushindi wake. Badala yake alipanda pikipiki, mzee wa watu, kwenye matope yale mpaka Kahama, akapanda gari ndogo mpaka Kagongwa, akashukia mashineni kwetu.

"Minza yuko wapi?"

"Amekwenda msibani, mzee."

"Aliwaaga?"

Wakaanza kuulizana. Hakuna niliyemuaga. Hapo ndipo makuli wawili walipoziacha kazi zao wakamfuata hadi nyumbani. Nilisikia sauti yake nje ya mlango, nikajaribu kuitika, ikatoka kama ya kifaranga. Wakauvunja mlango.

Nilipopata fahamu sawasawa nilikuwa kituo cha afya, dripu mkononi, na Mzee Masanja amekaa kwenye benchi, suruali yake imekauka matope mpaka magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanigusa paji la uso. "Mhola?"

"Mhola," nikasema, ni salama. Akashusha pumzi, akafuta uso kwa kofia yake, na mimi nikajifanya sikuona macho yake.

"Na mchezo wetu?" nikamuuliza.

"Umekwisha jana. Simu imenipongeza." Akatikisa kichwa. "Pongezi za kijinga kabisa."

Tulicheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha. Mwanangu, sijawahi kuona raha ya kushindwa kama siku ile.

Nilipoiwasha simu nikakuta nimeshindwa karibu michezo yote. Siwalaumu wale watu. Nao walikuwa na arobaini yao, na kwao mimi nilikuwa kete iliyoacha kusogea. Nikabakiza michezo mitatu. Nikaanza kuwaza hatua moja tangu asubuhi hadi jioni, na hapo ndipo nilipojua kwamba Mzee Masanja alikuwa akinionea huruma mchezoni miaka yote ile. Sasa ni mkongwe, vidole vinamtetemeka, lakini juzi tu amenila ngome.

Sikiliza basi. Methali ya haraka na baraka najua mmeichoka, siirudii. Nakwambia hivi: cheza na watu unaoweza kuwawaza. Ukipewa siku tatu, si lazima uzimalize, ila usizitupe. Ujue mwendo wa mwenzako, yupi hujibu asubuhi, yupi husubiri Jumapili. Na akikaa kimya, usikimbilie kuhesabu ushindi. Mpigie kwanza. Muulize, "Mhola?"

Mungu akujalie wenzako wawe wachache wanaokujua, na siku utakayochelewa kujibu, awepo wa kuja kugonga mlango wako. Nenda salama, mwanangu.