Sarafu ya Malkia Niliyokataa Kuivaa

Mwaka alipotawazwa Malkia wa Uingereza, nilikuwa msichana wa darasa la nne katika shule ya misheni huko Kashozi, na baba yangu alikuwa jela ya Bukoba. Kosa lake ni kusimama na panga mbele ya kibanja chake, shamba letu la migomba. Serikali ilikuwa imeamuru migomba yenye fukusi, wadudu wanaotoboa mashina, ing'olewe, na waliotumwa hawakubagua mgomba mgonjwa na mzima. Baba aliwaambia migomba ile ilipandwa na babu yake, hawaigusi. Wakamfunga, kisha wakaing'oa na kukataza kupanda mingine.

Asubuhi ya sherehe mwalimu alitugawia sarafu za ukumbusho. Ziling'aa kama dhahabu, zina kichwa cha Malkia, na utepe mwekundu wa kubania kifuani. Tulitakiwa kwenda mjini tukaimbe mbele ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya. Wenzangu waliziuma kujaribu kama ni dhahabu kweli. Mimi yangu niliiweka juu ya meza ya mwalimu.

"Vaa," akaniambia.

"Sivai, mwalimu."

"Ni zawadi ya Malkia hii, mtoto!"

"Malkia amemfunga Tata," nikasema; ndivyo tunavyomwita baba kwa Kihaya. "Nikivaa kichwa chake, Tata akirudi nitamwambia nini?"

Mwalimu aligeuka kuangalia kama padri amesikia. Alikuwa Mhaya kama mimi, na kwao pia migomba ilikuwa imeng'olewa.

"Nenda nyumbani," akasema kwa sauti ya chini. "Usirudi bila mzazi wako."

"Mzazi wangu mnaye ninyi."

Hapo nikachapwa. Sikulia.

Nyumbani nilimkuta mama akipanda machipukizi ya migomba palepale palipokatazwa. Nilimweleza yote. Akasimamisha jembe.

"Umemjibu hivyo mwalimu?"

"Ndiyo, Mawe," nikamjibu mama.

Akanitazama sana, kisha akanipa chipukizi. "Shika. Shimo lako lile pale."

Sikukanyaga shule mpaka baba alipotoka. Alikuwa amekonda, suruali ameifunga kwa kamba ya mgomba, lakini kesho yake alinishika mkono tukaenda kwa padri mkuu aliyesimamia shule. Padri alimtaka aombe radhi kwa ajili yangu.

"Nimemleta mtoto asome, Padri," baba alisema. "Radhi sikuja nayo."

Padri aliitazama ile kamba kiunoni mwa baba. Mwishowe akanionyesha kwa kidole mlango wa darasa. Niliingia, na wasichana wa benchi langu wakasogea kunipisha.