Homa Tuliyoiita ya Ushago

Maji yaliporudi kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaani Gatina jijini, bomba lilikohoa kwanza, kisha kila mlango ukatoa mitungi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Maji yalikuja mara moja kwa wiki, kwa hiyo tulijaza pipa la bluu lisilo na kifuniko, likakaa nyuma ya mlango likinukia plastiki. Vijidudu vilivyojikunja vilicheza ndani yake. Tulivichuja kwa leso, tukapika chai.

Ndipo mdogo wangu Ouma, wa miaka sita, akashikwa na homa. Sisi ni watu wa Ziwa, na kwetu homa ina jina moja tu. "Hiyo ni malaria ya ushago," akasema Auntie Akoth, dada yake Mama, ingawa Ouma hakuwa amefika ushago, kijijini kwetu, tangu Krismasi. Mama akanunua dawa kwa kemisti, Ouma akazimeza zote kwa siku tatu. Siku ya nne nilifungua pazia akalia kwamba mwanga unamuumiza. Shingo ilikuwa ngumu. Akaniita kwa jina la mbwa wa keateka, msimamizi wa ploti, nami nikacheka. Mpaka leo naona haya.

Kwenye foleni ya hospitali, Auntie alimnong'oneza Mama, "Usitaje kemisti, utagombezwa mbele ya watu." Kwa hiyo daktari alipouliza kama mtoto amepewa dawa yoyote, Mama akajibu, "Bado, daktari. Ametoka tu ushago." Mimi nilikuwa mtu wa kuitikia jina darasani kwa kunong'ona. Lakini Ouma alianza kutetemeka mkono mmoja, na maneno yakanitoka: "Amemeza za malaria, zote. Ushago hajaenda. Na shingo haikunjiki."

"Kumbe huyu ana mdomo!" Auntie akanifinya. Daktari hakugombeza mtu. Alilaza Ouma saa hiyo hiyo, wakamtoa maji ya uti wa mgongo. Baadaye alitueleza kwamba mbu wengine huzaliana kwenye maji safi, huuma mchana, na hubeba virusi vinavyoweza kufika kwenye ubongo. Dawa ya malaria haivigusi.

Sasa niko kidato cha tatu. Ouma yuko hai, anacheza mpira vizuri kunishinda, ila wakati mwingine neno humponyoka nasi humngoja. Kwenye ploti homa bado inaitwa ya ushago. Nikisikia, hubisha hodi mlangoni niulize kuhusu shingo.

"Wewe ni daktari?" wenye mgonjwa huniuliza.

"Hapana. Mpelekeni hospitali, na mkifika semeni kila kitu mlichompa."

Wengine hunicheka huku wakivaa viatu.