Masale ya Kaburi la Mzungu

Juzi nilialikwa kwenye sherehe ya kipaimara Usa River, katika hoteli iliyojengwa kwenye shamba la zamani la kahawa. Nyuma ya jiko nikaliona tena kaburi la mlowezi wa Kizungu aliyekuwa mwenye shamba, limezungukwa na mimea ya masale iliyonizidi kimo.

Masale hayo aliyapanda bibi yangu, aliyekuwa kibarua shambani pale, mimi nikimshikia miche. Nakumbuka harufu ya maua ya kahawa baada ya mvua, na jembe likigonga mawe. Kwetu Meru, uliyemkosea ukimpelekea jani la sale, hawezi kukunyima msamaha. Hilo nililijua hata utotoni, ndiyo maana nilichanganyikiwa.

"Bibi, tunamwomba msamaha?"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. "Alichoma nyumba ya baba yangu akapanda kahawa, halafu nimwombe mimi?"

"Basi yeye ndiye anatuomba?"

"Maiti anaomba nini, mjukuu wangu? Lete mche."

Nikampa mche. Nikadhani labda ni ndugu yetu, maana kaburi lile alilifagia vizuri kuliko la babu.

Siku hizi najua kwamba sale ndilo pia mpaka wa shamba. Ukiling'oa, umetafuta ugomvi na ukoo mzima. Lakini bado sijui kama bibi alikuwa anasamehe au anapima. Nakumbuka tu alivyoukanyagia udongo mche wa mwisho, akalitazama kaburi, akaacha Kimeru na kusema kwa Kiswahili, ili Mzungu mwenyewe aelewe:

"Haya, bwana. Ardhi yako mwisho hapa."