Kura Tatu za Katekista

Adventina alikuwa na uhakika, na usimwone mjinga. Mtu aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya miaka tisa, anayejua nani anasali na nani anafungua mdomo tu, angeshindwaje kujua kura za kitongoji chake? Pale kwao Mugoma nyumba ishirini na sita ni za Wakatoliki, nne tu za Waislamu. Kaka yake Aristides, katekista wa kigango, anayeongoza ibada padri asipokuwepo, alikuwa anagombea uenyekiti wa kitongoji. Mpinzani wake alikuwa Halfani, Mwislamu mwenye duka la chumvi na sabuni. Sasa jamani, hapo kuna uchaguzi au kuna sherehe? Adventina alikwisha kuzifukia ndizi za pombe ya ushindi ziive.

Tena aliwauliza watu. Kila Jumamosi asubuhi, jumuiya inaposali nyumba hii na ile, baada ya injili na kabla ya wimbo wa kufunga alisimama karibu na mshumaa, kaka yake kakaa pembeni na rozari mkononi. Alisema tumwombee ndugu yetu, na sote tumpe kura. Watu wakaitika Amina nzito, ya kutikisa mabati. Naye akarudi nyumbani akaandika kwenye daftari la mahudhurio: wote. Haya, niambie wewe, mbele ya mshumaa na katekista mwenyewe, nani angesema hapana? Swali hilo halikumpitia kichwani hata kidogo.

Jioni ya siku ya kura watu walijaa nje ya darasa la kupigia kura. Msimamizi akatoka na karatasi yake akasoma: Halfani, sitini na moja. Aristides, tatu.

Adventina alidhani kasoma kinyume. Alimwomba arudie, naye akarudia polepole, kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyomkata maini. Alitazama nyuso za watu wake, Wakristo aliosali nao misibani na harusini, na kila aliyemtazama aliinamisha macho. Hakuna aliyeshangilia. Hata Halfani alisimama kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake. Aristides aliondoka bila kumuaga mtu.

Njiani mwanamke wa watu alihesabu kwa vidole. Kaka moja, wifi yake Marsiana, mke wa kaka, mbili, yeye mwenyewe tatu. Kidole cha nne kilikuwa cha mumewe, Theonest, nacho hakikuwa na kura. Alisimama katikati ya njia. Kumbe mtu unaweza kulala na kura ya mpinzani kitanda kimoja!

Alimkuta Theonest uani anakaza mpini wa jembe. Hakumsalimu, alimuuliza tu. Mume hakukana.

"Mama Anneth," alisema, "siku ya mzee Matiasi nilikuwa benchi la pili. Niliendelea kuimba."

Basi hapo inabidi nikwambie habari ya Matiasi. Kule kila nyumba iko kwenye kikundi cha machela. Mgonjwa akiitiwa wabebaji, unatupa jembe, unaacha sahani, unakwenda kubeba, kwa sababu kesho utabebwa wewe. Jumapili moja ya mwezi wa nne mzee Matiasi, baba mzazi wa Marsiana, alizidiwa ghafla wakati wanaume karibu wote wako kanisani. Halfani alifunga duka, akakimbia mpaka mlango wa kanisa, akavua viatu, akasema mzee anakwisha na machela haibebwi na mtu mmoja. Aristides, akiongoza ibada, alimwonyesha kwa mkono asubiri. Wimbo uliendelea, na mahubiri, na matangazo. Walipotoka na kumbeba mzee, alikata roho bondeni kabla ya kufika zahanati. Wakasema ni mpango wa Mungu, wakamzika, wakanyamaza. Adventina naye alisema hivyo hivyo, tena aliamini yameisha.

Kesho yake asubuhi ikaja pigo jingine, nalo likaja na sahani ya vitumbua. Swabaha, dada yake Halfani, alikuja kumpa pole. Wiki ile ya kampeni Adventina alikwenda kwake peke yake, nusu kwa utani, akamwomba kura, na Swabaha akasema atampa.

"Nilimpa kaka yako," Swabaha alisema. "Uliniomba uso kwa uso, nikakubali. Ningekataa ningekwambia palepale."

Adventina aliipokea sahani. Mwislamu, dada wa mpinzani, ndiye aliyetimiza neno! Halafu hesabu ikamrudia na kumpiga upya. Swabaha moja, yeye mbili, Aristides tatu. Zimeisha. Marsiana hakumpigia mumewe.

Alivuka migomba mbio mbio, khanga inaburuta, huku akijiambia kwamba haiwezekani, mke yule alilia kidogo tu msibani, alifua mavazi ya ibada ya mumewe kila wiki, hakuwahi kuinua sauti. Alimkuta jikoni anamenya ndizi. Akamuuliza kama ni kweli, wifi.

Marsiana aliweka kisu chini. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Adventina kuliko lolote.

"Tangu baba afe," alisema, "mmekuja hapa mkasali, mkanipa pole, mkaniambia alichoamua Mungu. Kwenye chumba cha kura ndipo nilipoulizwa ninachofikiri nikiwa peke yangu. Mara ya kwanza."

Adventina alifungua kinywa amjibu kwamba yeye ni wifi yake, nyumba zao zinatazamana, wanachota maji pamoja kila siku. Akatafuta siku moja, siku moja tu katika miezi saba, ambayo alimuuliza. Hakuipata.