Mkamwana Aliyempa Mkwe Chumvi

Riwaya ya kwanza niliyosomeshwa sekondari, katika miaka ya hamsini, ilikuwa nene kama tofali, na watu wake walikunywa chai mno. Mvua ilinyesha kurasa nyingi, wala hakuna aliyeshika jembe. Mwalimu wetu, mama wa Kiingereza, alituambia kwamba ni kitabu cha kuchekesha. Tulikuwa wasichana wachache pale Iringa, Wahehe, Wabena na sisi Wanyakyusa, na tulikisoma kwa majonzi. Tulipofika penye kuchekesha yeye alicheka peke yake, nasi tukaandika kwamba hapo pachekesha.

Likizo nilikwenda nacho nyumbani Mbeya, maana mtihani ulikuwa karibu. Baba alikuwa seremala na mzee wa kanisa. Kiingereza hakukijua, lakini alikuwa amesikia kwamba shule zinaharibu mabinti, na kulikuwa na familia moja ya Tukuyu iliyokwisha kuleta posa. Aliamua kulimaliza jambo hili kwa haki. Jumamosi mchana aliniketisha sebuleni.

"Nisomee hicho kitabu kwa Kinyakyusa," akasema. "Kikiwa kizuri, utarudi Iringa. Kikiwa cha kipuuzi, utaolewa."

Niliogopa sana. Nilitaka kurudi shule kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote, na sasa nilikuwa nawategemea Waingereza wasiojua hata kupika.

Mwanzoni walijitahidi. Baba aliipenda nyumba yao, akauliza imeezekwa kwa kitu gani. Alimsifu bibi harusi kwa kuamka mapema. Kisha tukafika kwenye karamu, nami nikatafsiri kabla ya kufikiri: bibi harusi aliketi meza moja na baba wa mumewe, akamwita kwa jina, akampa chumvi.

Baba aliweka kikombe chini.

Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Akimwona njiani hukimbilia migombani na kujifunika nguo. Jina lake halitaji, na hata neno linalofanana nalo hulikwepa, akatafuta jingine. Ubatizo ulituondolea mengi, hili ulituachia.

"Soma tena," baba akasema.

Nikasoma tena. Haikusaidia.

"Alimtaja?"

"Alimtaja, baba."

"Na mkwe akafanya nini?"

"Alishukuru kwa chumvi."

Baba akasema basi, amesikia ya kutosha, watu wa Tukuyu wapelekewe jibu. Alisema kwa upole, kama anayeagiza mbao. Nikaanza kulia, machozi yakadondoka juu ya kitabu cha shule, nikaona hapo nimeongeza kosa jingine.

Mama alikuwa mlangoni akimenya ndizi. Alikuwa hapo tangu nianze kusoma.

"Hiyo chumvi alimpa mkono kwa mkono?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Wakatazamana?"

Nikatafuta kwenye ukurasa. Hapakuandikwa.

"Nadhani walitazamana," nikasema.

Mama akamenya ndizi nyingine. Kisha akamwambia baba, bila kuinua sauti, "Baba yako alinipenda. Kila mavuno aliniachia maharage mapya pembeni mwa migomba, akakohoa ili nipate kujificha. Nilipougua uzazi alisimama nje kwenye mvua mpaka wakamwambia nimepona. Tuliishi jirani mpaka nikawazaa watoto wako wote. Uso wake niliuona siku tulipomzika."

Baba alinyanyua kikombe, akakuta chai imepoa, akanywa hivyo hivyo.

"Shule utarudi," akaniambia hatimaye. "Sasa rudia hapo pa chumvi. Soma kwa sauti, mama yako asikie."